Taa za tela zimenigombanisha na mdogo wangu

Mshauri, shikamoo.

Safu yako naisoma kwa muda mrefu nikijua ni ya watu wenye mambo ya ndoa na wakwe. Sikudhani siku moja nitakuandikia juu ya taa.

Nina pikapu ya zamani na tela dogo la magurudumu mawili. Ndivyo vinavyonilisha. Nakodisha viti, meza na mahema, na dereva ni mimi mwenyewe. Miezi minane iliyopita tela lilikuwa limechoka, kutu tupu, taa zikining'inia kwenye waya. Mdogo wangu wa mwisho ni fundi umeme wa majumbani. Akaniambia, "Dada, usimpe mtu hela yako, niachie mimi." Nikamwachia. Alifanya kazi wiki nzima. Alilikwangua kutu lote, akalipaka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, kisha juu yake nyeusi ya kung'aa, hadi vichwa vya bolti vikawa vinameta. Akavuta nyaya mpya kutoka kwenye plagi ya mbele, ile ya duara ya pini 7, mpaka nyuma, akafunga taa mpya. Tulipowasha pale nyumbani ziliwaka zote. Nilimkumbatia.

Vituko vilianza kama wiki mbili baadaye. Nikiwasha indiketa usiku, taa nyekundu za nyuma za tela zinapepesa pamoja nayo. Nikikanyaga breki, zile taa badala ya kuongeza mwanga zinafifia, na indiketa zote mbili zinawaka kwa mbali, rangi ya kaa linalokufa. Kuna siku kila kitu kinazimika kwenye barabara yenye mashimo, kisha kinajiwasha chenyewe. Ajabu ni kwamba nikifika nyumbani, nikaegesha na kumwita mtu asimame nyuma aangalie, mara nyingi zinawaka kama siku ya kwanza. Nimeanza kuonekana mwongo.

Nimepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alitoa balbu za indiketa za nyuma za pikapu akaweka za LED, akisema zitapunguza mzigo ili umeme uzidi kwenda kwenye tela. Tela halikubadilika, ila sasa indiketa ya pikapu inakimbia tikitikitiki kama moyo wa mtu aliyefukuzwa na mbwa (hasa nikiwa sijafunga tela). Wa pili nilimwita siku ya mvua, fyuzi ya taa ilipokuwa inakatika kila nikiibadilisha. Ilikuwa ya ampea 10, akaweka ya 30, akaniambia, "Hii haitakusumbua tena." Kweli haijakatika. Wa tatu aliinama chini ya tela dakika tano, akacheka, akasema nyaya zote zing'olewe zianze upya, pengine na za pikapu, kwa sababu "aliyefunga hapa hakujua anachofanya." Alisema hivyo mdogo wangu akiwa amesimama palepale.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Wiki tatu zilizopita narudi usiku na mahema, nikapunguza mwendo ili nikate kona. Lori lililokuwa nyuma yangu halikuona breki wala indiketa. Lilipiga honi ndefu likanipita ubavuni, upepo wake ukaitikisa pikapu. Dereva alisimama mbele akashuka akanifuata. Hakuwa na hasira, alikuwa anatetemeka. Aliniambia, "Mama, mimi nimeona giza tu."

Nilipofika nyumbani nilimpigia mdogo wangu simu nikiwa nimeiweka kwenye spika, vijana wangu wa kazi wakisikia. Nilimwambia nusura aniue. Akajibu, "Dada, nyaya zangu ni nzima, tatizo ni hiyo pikapu yako." Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Mama anasema nimemdhalilisha. Mume wangu anasema tela liuzwe, yaishe. Na mimi nina kazi za watu zimeshalipiwa. Kwa sasa nikirudi usiku, kijana wangu mmoja ananifuata na gari la rafiki yake, hazadi zikiwaka.

Nifuate fundi wa tatu ning'oe kila kitu, nikijua mdogo wangu atachukulia nimemtangaza kwamba hajui kazi? Nimrudishe yeye? Niuze? Au kweli kasoro iko kwenye pikapu?

Dada aliyepoteza taa na ndugu


JIBU

Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa usiku ule. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama mshauri. Mara mbili zilizofuata niliisoma kama mtu aliyemaliza ujana wake chini ya magari ya watu kabla hajashika kalamu.

Unavyoliona wewe, jambo ni moja: nyaya mbovu, na anayestahili lawama ni ama ndugu yako ama gari lako. Mimi nikilifungua hilo furushi naona mambo manne yamefungwa pamoja, na nahisi ndiyo sababu kila anayeligusa anatoka na jibu lake. Kuna taa zinazocheza. Kuna indiketa inayokimbia. Kuna fyuzi. Na kuna huyo kijana asiyepokea simu.

Nitaanza na fyuzi, maana ndiyo pekee nisiyoweza kuizungukazunguka. Fyuzi haikuwekwa kulinda taa, imewekwa kulinda waya. Waya uliopangiwa ampea 10 ukiupa fyuzi ya 30, siku utakapochunika na kugusa chuma, fyuzi itakaa kimya na waya wenyewe ndio utakaokuwa fyuzi. Utapata moto kama mshipa wa jiko la umeme, utayeyusha mpira wake na wa nyaya zote zilizolala nao, na wewe umebeba mahema. Naomba leo hii irudi ya 10, au ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi la pikapu yako. Ikikatika usiikasirikie, inakupa habari kwamba kuna mahali pana shoti. Kwa kuwa ilianza siku ya mvua, ningechungulia kwanza ndani ya plagi kama kuna maji au unga wa kijani. Kisha ningepitisha vidole taratibu kwenye urefu wote wa waya, hasa pale unapopenya tundu la chuma bila mpira wa kuukinga, na pale mbele kati ya pikapu na tela, ambapo waya mrefu kupita kiasi huburuzwa barabarani na mfupi kupita kiasi huvutika kila ukikata kona.

Indiketa inayokimbia ni kisa kingine kabisa, na mdogo wako hahusiki nacho hata chembe. Balbu ya kawaida ya indiketa ni ya watti 21. Kwenye volti 12 inakula karibu ampea 1.75. LED inakula sehemu ndogo tu ya hapo. Kile kifaa kinachopigapiga indiketa, flasha, kikiona umeme unaotumika umepungua kinadhani balbu imeungua, kinaongeza mbio ili kukushtua. Ukifunga tela, balbu ya tela inajazia lile pengo, ndiyo maana uliandika kwenye mabano kwamba inakimbia hasa tela likiwa halipo. Rudisha balbu za zamani, au tafuta flasha iliyotengenezwa kwa ajili ya LED. Na ile hoja ya kupunguza mzigo ili umeme uzidi kwenda kwenye tela, sijui hata nianzie wapi. Tuiache.

Sasa taa zinazocheza.

Kila mtu kwenye barua yako anabishana juu ya umeme unaokwenda. Moto unafika, moto haufiki, nyaya zangu nzima, nyaya zako mbovu. Sijaona mahali hata pamoja mtu alipouliza umeme unarudije. Na umeme lazima urudi kwenye betri, usiporudi hauwashi kitu. Kwenye nyumba anazofanyia kazi mdogo wako, kila taa inapelekewa waya wa kwenda na waya wa kurudi, viwili viwili, hana haja ya kuuliza ukuta umejengwa kwa nini. Kwenye gari mafundi walibana matumizi tangu zamani: waya ni wa kwenda tu, kurudi ni chuma chenyewe. Bodi ni waya. Fremu ya tela ni waya. Kutoka kwenye plagi huja waya mmoja wa kurudi, ambao umefungwa kwa bolti kwenye fremu, na kila taa nayo imeshikwa kwa bolti zake kwenye fremu hiyohiyo.

Na fremu hiyo ilipakwa rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, kisha nyeusi ya kung'aa, hadi vichwa vya bolti vikameta. Niliposoma mstari huo niliiweka barua chini. Rangi haipitishi umeme, dada yangu. Ile kazi uliyomkumbatia kwayo, kazi safi ambayo mafundi wengi hawaifanyi, inawezekana ndiyo iliyoziba njia ya kurudi.

Hebu tuufuate huo umeme usiku mmoja. Umewasha taa. Balbu za nyuma za tela, watti 5 kila moja, zinahitaji kidogo sana. Kati ya bolti na fremu, mahali fulani hesi imekwaruza rangi kidogo, upenyo wa upana wa unywele, na umeme mdogo kama huo unapita bila shida. Sasa kanyaga breki. Umeongeza balbu mbili za watti 21, ampea 3.5 kwa mpigo mmoja, zote zikitaka kutokea kwenye upenyo uleule. Haziwezi. Umeme uliobanwa unatafuta mlango wa uani. Unaupata kwenye balbu ya indiketa ya tela: unaingia kinyume, unapanda na waya wa indiketa hadi kwenye pikapu, unapita kwenye balbu ya indiketa ya mbele, na hapo ndipo unapokuta bodi nzima ya kurudia betrini. Njiani umewasha indiketa zako kwa mbali, rangi ya kaa linalokufa kama ulivyosema, na taa zako nyekundu zimefifia kwa sababu kila mmoja anagombania kijia kimoja.

Mbona nyumbani zinawaka vizuri? Kwa sababu tela lako limekalia kile kichwa cha chuma cha duara nyuma ya pikapu, chuma juu ya chuma. Ukiegesha, vimelaliana vizuri, na umeme uliokosa waya wake unapitia hapo. Ukiingia kwenye mashimo kichwa kinarukaruka ndani ya kikombe chake, katikati kuna grisi na vumbi, daraja linakatika na kuungana, linakatika na kuungana. Kwa hiyo hukuwa mwongo. Ulikuwa unapima daraja likiwa limetulia.

Lakini mimi sijaliona tela lako, nimeona karatasi. Naweza nikawa nimependa sana hadithi yangu ya rangi. Ule waya wa kurudi unaweza kuwa umekatikia ndani ya plagi. Au ndugu yako yuko sahihi: soketi ya pikapu nayo ina waya wake wa kurudi, na kwenye gari la zamani mara nyingi umefungwa kwenye bampa yenye kutu, ukawa unatoa dalili zilezile. Habari njema ni kwamba hili halihitaji mabishano, linapimika kwa chini ya saa moja.

Ningefungua tela kabisa, nilisogeze lisiguse pikapu popote, ili lile daraja la chuma lisije likatudanganya. Kisha ningechukua betri ya volti 12. Upande wa hasi ningeuunganisha kwenye pini ya waya wa kurudi ya plagi ya tela, na upande wa chanya, kwa kupitia fyuzi ya 10, ningegusisha pini nyingine moja baada ya nyingine. Baadaye mbili kwa pamoja, ya taa za nyuma na ya breki. Pikapu haimo tena hata kwenye mazungumzo. Taa zikikataa kabisa, au zikianza kuombana mwanga, kasoro iko kwenye tela. Zikiwaka kwa nguvu, kila moja kwa zamu yake na zote kwa pamoja, basi twende kwenye soketi ya pikapu tukaipime nayo.

Hapo kwenye soketi tumia testa yenye balbu, ile yenye ncha kama sindano na waya wenye klipu, na balbu ikiwa kubwa ni bora zaidi. Mita peke yake inaweza kukudanganya. Waya uliooza ukabaki uzi mmoja utaonyesha volti 12 kwenye mita bila aibu, kwa sababu mita haiombi kitu. Ukiuomba ampea tatu unazirai. Klipu ya testa usiibane kwenye bodi, ibane kwenye pini ya waya wa kurudi ya soketi hiyohiyo, la sivyo utakuwa unapima bodi na siyo waya unaoushuku. Pikapu yako ni ya zamani, na hapa uzamani ni baraka. Kwenye magari mapya taa zinasimamiwa na kompyuta, na mtu huchokonoa kwa uangalifu zaidi.

Kuna kipimo kingine ambacho nakipenda kuliko vyote kwa sababu kinamaliza ubishi hapohapo. Chukua waya mrefu mnene, ufunge kwenye hasi ya betri ya pikapu, ncha ya pili uibane kwenye chuma cheupe cha taa ya tela, mahali ulipokwangua rangi, mtu akanyage breki. Taa iliyokuwa inasinzia ikiamka, umepata jibu. Ukiwa na mita, iweke kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hicho chuma, breki ikiwa imekanyagwa: ikisoma zaidi ya kama nusu volti, njia ya kurudi inaumwa.

Kuhusu rangi za nyaya, kwa plagi ya pini 7 ya mpangilio wa ISO 1724, mweupe ndio wa kurudi, njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu ni breki, nyeusi na kahawia ni taa za nyuma za kushoto na kulia, bluu ni taa ya ukungu. Usiape kwa rangi hizo lakini. Mafundi hufunga waya uliopo mkononi. Nimewahi kukuta tela ambalo nyaya zake zote zilikuwa nyekundu.

Tuje kwenye yale uliyoniuliza.

Kung'oa kila kitu si wazo la kijinga. Kama ukifungua kiungo ukakuta shaba imekuwa kijani au nyeusi, ukakata nyuma inchi moja bado nyeusi, ukakata tena bado nyeusi, maji yameshatembea ndani ya mpira na huo waya hautapona kwa tepu. Hapo fundi wa tatu atakuwa alisema kweli, hata kama kicheko chake hakikuhitajika. Shaka yangu ni nyingine: nyaya za mdogo wako zina miezi minane tu. Na mtu akivuta nyaya mpya kabisa, akaja akazifunga juu ya rangi ileile kwa bolti zilezile zinazometa, utakuwa umelipa gharama kubwa kununua ugonjwa uleule. Ukichagua njia hii, mwulize fundi kabla hajaanza: waya wa kurudi utaufunga wapi, na taa zitarudishaje? Jibu ninalolipenda ni la kuvuta waya wa kurudi hadi kwenye kila taa, asitegemee fremu. Akikuangalia kama hakuelewi, umejua.

Kurekebisha waya wa kurudi peke yake ni kazi ndogo. Kwangua rangi pale penye bolti hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi au rangi juu ya bolti iliyokwisha kazwa, siyo chini yake. Hatari yake ni kwamba utafurahi mapema. Kuna ile fyuzi iliyokuwa inakatika, na huo ni ugonjwa mwingine ambao mwanga mzuri hautautibu.

Kuuza ni haki yako, na namwelewa mumeo, yeye anafikiria lori. Ila ukiliuza bila kumwambia mnunuzi, giza lile umemhamishia mtu mwingine. Ukimwambia, bei itashuka, pengine kwa sababu ya bolti nne. Mimi ningependa ujue kwanza unauza nini, halafu uamue. Nikikosea hapo, mumeo anisamehe.

Hilo la kijana kukufuata na hazadi limeninyima raha. Umelifanya kwa nia njema. Lakini lori linalokuja linaliona gari lake, halikuoni wewe unapopunguza, na huyo kijana sasa ndiye aliyekaa pale ambapo tela lako lingegongwa. Kazi zilizolipiwa zina wenyewe, na sijui mkataba wako nao ukoje. Labda kuna zinazoweza kusogezwa zifanyike mchana, labda kuna mwenzako mwenye gari unayeweza kumwomba safari mbili tatu. Hata mchana breki na indiketa zinahitajika, jua halikanyagi breki kwa niaba yako.

Nimemwacha mdogo wako mwisho na nadhani ndiye uliyekuwa unaniandikia habari zake tangu mstari wa kwanza. Umeniuliza umrudishe au usimrudishe, kana kwamba chaguo ni kati ya kumwamini na kumfukuza. Nataka nikuulize taratibu: unajua kwa nini hapokei simu? Umeandika kama mtu anayedhani ni kiburi. Inaweza kuwa. Inaweza pia kuwa ameshalala usiku mwingi akiliona lile lori. Amesikia fundi akimcheka mbele yako, wewe hukuandika kama ulimjibu yule fundi. Kisha akasikia sauti yako kwenye spika na ya vijana nyuma yako. Aliposema tatizo ni pikapu, sidhani alikuwa anakupa matokeo ya kipimo. Alikuwa anatafuta pa kusimama.

Wewe nawe ulikuwa umetoka kuponea chupuchupu, mikono ikitetemeka. Maneno ya saa ile siyahesabu kama ya siku nyingine. Yeye labda anayahesabu.

Ukimwita, kuna hatari ya kuona umemrudishia tela kabla ya kukuomba radhi, au yeye kuona unamwita aje ajishtaki mwenyewe. Ukimwacha na kumpa mtu mwingine, taa zinaweza kupona na yeye akabaki na jeraha ambalo mama yenu atakuwa analizungumzia kila mkikutana. Sikuamulii. Ukoo wenu mnaujua nyinyi. Ninachojua mimi ni kwamba kosa lenyewe, kama ni lile ninalolidhani, ni la mtu anayejua umeme vizuri sana wa aina nyingine, na hilo unaweza kumwambia bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Halafu kuna jambo la kifundi tu. Kipimo cha breki hakifanyiki na mtu mmoja. Lazima mmoja akae kwenye usukani na mwingine achuchumae nyuma ameshika testa, apaze sauti, "Kanyaga! Achia! Kanyaga tena!" Unaweza kumweka kijana yeyote kwenye pedali. Au unaweza kumtumia ndugu yako ujumbe mfupi, usimtaje fundi wala lori, umwulize kama Jumamosi ana nusu saa aje akukanyagie breki wakati wewe unapima. Msasa wa kukwangulia rangi kaununue wewe mwenyewe.